Lord Egerton Hakumalizwa na Mapenzi, na Sisi wa Mbooni Tusijidanganye

Kila msee anayeenda Njoro kupiga picha pale Egerton Castle anarudi na stori moja. Ati Mzungu tajiri alipenda mrembo, mrembo akaiona nyumba yake akasema ni kibanda cha mbwa. Mzungu akajenga kasri la mawe lenye vyumba zaidi ya hamsini, mrembo akakataa tena, na kutoka siku hiyo jamaa akapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga kwake. Akafa peke yake. Mwisho wa stori. Chini ya picha watu wanaandika "mapenzi ni kaburi", na Jumamosi inayofuata kuna harusi kwenye bustani ya huyohuyo jamaa.

Stori tamu, inauza tiketi. Lakini mimi nimechoka nayo, kwa sababu inamtupia mwanamke mmoja lawama ya kitu ambacho wanaume wa ukoo ule walijifanyia wenyewe kwa zaidi ya miaka 150.

Maurice Egerton alifariki tarehe 30 Januari 1958. Siku hiyo hakuondoka peke yake, aliondoka na cheo. Alikuwa Baron Egerton wa Tatton wa nne, na hakukuwa na wa tano. Hakuna mtu leo duniani anayeitwa hivyo. Na sababu haiko kwenye moyo uliovunjika. Sababu iko kwenye karatasi. Cheo kile kilipotolewa mwaka 1859, kilitolewa kirithiwe na wanaume wa ukoo tu. Baba ampe mwana. Kama hakuna mwana, kiende kwa kaka. Kama hakuna mwanamume aliyebaki kwenye mstari, kinakufa. Binti hahesabiwi. Anaweza kuwa mzima, ana akili, ana watoto sita, bado kwa cheo ni kama hakuzaliwa.

Si unaona mahali ninaelekea?

Mimi ni mtu wa Mbooni. Kule kwetu milimani hakuna Baron wala Earl. Kuna matuta, kuna miparachichi, kuna mashamba yaliyokaa kwa mteremko hadi ng'ombe anaonekana kama anapanda ngazi. Lakini ile kanuni ya Tatton tunayo. Tunaiita mila, na kila Desemba watu wakirudi ushago tunaketi chini ya mwembe kuitekeleza. Wana wa kiume wanaonyeshwa mipaka. Mabinti wanaonyeshwa jikoni.

Kwa hivyo nataka tusome huu ukoo wa Egerton pamoja, polepole, toka juu hadi chini. Ni mfano mzuri kabisa wa nyumba iliyokuwa na kila kitu ikajifuta yenyewe.

Anzia kwa Thomas Egerton, miaka ya 1500. Huyu alikuwa mtoto wa nje. Baba yake alikuwa na jina na ardhi, mama yake hakuwa ameolewa na baba. Kwa kanuni za wakati huo, mtoto kama huyo hakuwa na chochote cha kungojea. Akasoma sheria, akawa wakili wa kuogopwa, Malkia Elizabeth akamchukua, na mwaka 1596 akakabidhiwa muhuri mkuu wa taifa. Mwaka 1598 shamba la Tatton, kule Cheshire, likaja mikononi mwake. Mfalme James alipoingia akamfanya Lord Chancellor, yaani ofisa mkuu wa sheria wa nchi. Mwaka 1603 akapewa cheo cha Baron Ellesmere, mwaka 1616 Viscount Brackley. Akafa 1617, na mwaka huohuo mwanawe akafanywa Earl wa Bridgewater. Kufika 1720 ukoo uko na Duke, na juu ya Duke hakuna cheo kingine isipokuwa uwe wa damu ya mfalme.

Kumbuka hapo. Ukoo mzima ulijengwa na mtoto ambaye kanuni za urithi zilikuwa zimemtupa nje. Alipofaulu, wazao wake wakajifungia ndani ya kanuni zilezile.

Sasa angalia jinsi zilivyowala.

Duke wa tatu, Francis Egerton, ndiye aliyechimba mfereji wa Bridgewater wa kupeleka makaa ya mawe Manchester. Ulifunguliwa 1761, bei ya makaa ikashuka karibu nusu, na yeye akawa miongoni mwa watu matajiri zaidi Uingereza. Huyu naye alikuwa na mchumba mrembo, Elizabeth Gunning, uchumba ukavunjika 1758, na hakuoa maisha yake yote. Inasimuliwa kwamba baadaye hakutaka hata mtumishi wa kike nyumbani. Unaisikia hiyo stori? Ni ileile ya Njoro, karibu miaka mia mbili kabla ya Njoro! Alipofariki 1803, cheo cha Duke kikafa naye.

Cheo cha Earl kikaponea kidogo, kikapita kwa ndugu wa mbali. Wa mwisho kukishika aliishi Paris, hakuoa, na wanasema alikuwa akiketi mezani kula na mbwa wake wakiwa wamevishwa viatu. Alifariki 1829. Cheo cha Earl wa Bridgewater nacho kikaisha.

Tawi la Tatton ndilo lililobaki, na hapa ndipo stori inanipendeza. Mwaka 1780 mwenye Tatton, Samuel Egerton, alifariki bila mwana. Mstari wa wanaume wa Tatton ukakatika pale. Kwani Tatton ilipotea? Hapana. Ilienda kwa dada yake, Hester, aliyekuwa ameolewa na bwana anayeitwa William Tatton. Watoto wa Hester ndio waliobeba jina la Egerton kwenda mbele. Yaani kila Egerton wa Tatton unayemsoma baada ya 1780, pamoja na huyo Lord wa Njoro, yupo kwa sababu siku moja mali ilipitia kwa mwanamke aliyeolewa. Wangemwambia Hester "wewe ni wa kwa watu", stori ingeishia hapo, na kusingekuwa na kasri la kupigia picha.

Somo lilikuwa wazi. Hawakulishika.

Mwaka 1859 mjukuu wa mwana wa Hester akapewa ule ubaroni wa wanaume pekee. Mwaka 1897 mwanawe, Wilbraham, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kampuni ya mfereji wa meli wa Manchester, akapandishwa: Earl Egerton wa Tatton na Viscount Salford, vyeo viwili kwa mpigo. Wilbraham alikuwa na mtoto mmoja. Jina lake Gertrude. Binti.

Wilbraham alifariki 1909. Vyeo vyote viwili, vya miaka 12 tu, vikazikwa naye. Ubaroni na Tatton vikaenda kwa kaka yake. Na Gertrude? Gertrude alikuwa hai. Aliishi hadi 1943. Hebu fikiria: miaka 34 baada ya serikali kuandika kwamba cheo kimeisha kwa kukosa mrithi, mrithi anatembea, anakunywa chai, anazeeka. Hawakukosa mtoto. Walikuwa naye, wakakataa kumhesabu.

Kutoka kwa kaka, ubaroni ukafika kwa Maurice mwaka 1920. Maurice akaja kuishi Kenya, kwenye ile ardhi ya Bonde la Ufa ambayo serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu baada ya kuwasukuma wenyewe kando. Akaanza kujenga kasri lake 1938. Mwaka 1939 akaanzisha Egerton Farm School kwenye ekari 740, wakati huo ikiwa shule ya vijana wa Kizungu tu. Akafariki 1958 bila mke wala mtoto, na Tatton yenyewe ikaachiwa shirika la National Trust. Leo unalipa kiingilio kuingia bustani zake. Ile shule ya Njoro ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton tangu 1987, na mabinti kutoka kila pembe ya Kenya wanasomea shahada pale, kwenye ardhi ambayo tunaambiwa mwenyewe hakutaka kuona rinda.

Hiyo ndiyo hesabu. Baron, Viscount, Earl, Duke, kisha tena Baron, Viscount, Earl. Vyote vimeisha kwenye mstari huo wa baba kwa mwana.

Sasa turudi milimani.

Mwaka huohuo wa 1938 ambao mawe ya kasri yalikuwa yanaanza kupangwa Njoro, Wakamba walikuwa Nairobi. Serikali ilikuwa imechukua ng'ombe wao kwa nguvu, ikisema ni wengi mno kwa ardhi, wakati ardhi yenyewe ilikuwa imebanwa kwa mipaka ya serikali hiyohiyo. Maelfu wakafunga safari hadi mjini, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa, wakidai kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Unapita barabara yenye jina lake kila siku pale katikati ya Nairobi, karibu na City Market.

Kwenye ile kambi hawakuwa wanaume peke yao. Wanawake walikuwepo, na watoto. Walilala kwenye baridi ya Nairobi kutetea ng'ombe ambao, kwa mila, hakuna hata mmoja angekuja kuwa wao. Walitetea mali ya ukoo ambao siku ya kugawa ungewaambia wao ni wapita njia. Hiyo ndiyo inaniuma. Kwa vita tunawahesabu. Kwa urithi tunawasahau.

Na huu si mchezo wa historia kwangu. Shamba la babu yangu, umau kama tunavyosema, bado halijagawanywa. Ni ekari chache za mteremko zenye matuta mazuri na kisima kimoja. Aliacha wana wanne na mabinti watatu. Ile barua ya kupeleka mahakamani, inayosema marehemu aliacha nani na nani, ilitoka na majina manne. Wanne, si saba. Nilipouliza, nikaambiwa shangazi zangu "wametulia kwao". Mmoja wa hao waliotulia ndiye aliyemwogesha umau miaka yake miwili ya mwisho, akimpandisha kitandani na kumshusha. Wenye majina kwenye barua walikuwa wanatuma pesa wakikumbuka.

Mimi ni kifungua mimba, tena wa kiume. Kwa hiyo orodha ya majina manne, nikinyamaza tu, ninakula. Baba yangu anapata robo, na siku moja robo hiyo ni yangu na kaka yangu, dada yetu hayumo. Sina hasara yoyote nikifunga mdomo. Ndiyo maana ninaandika hapa, mahali ambapo binamu zangu wote wanasoma.

Najua majibu yatakayokuja. Nimeyasikia chini ya mwembe mara nyingi, kwa hivyo wacha nianze nayo mapema.

La kwanza: "Msichana ataolewa, atapata huko." Sawa. Twende huko. Huko nako kuna wazee wameketi chini ya mwembe wao, wakisema mali ni ya wana, huyu alikuja tu. Bwana akifa, shemeji wanaanza kuhesabu mabati. Kwetu anaambiwa kwake ni kule. Kule anaambiwa kwao ni huku. Kwa hivyo kwake ni wapi, kwa barabara? Na yule ambaye hataki kuolewa je? Na yule ndoa ilimpiga akarudi na watoto wawili? Huyo anapewa kona ya shimo la taka ajenge chumba kimoja, halafu tunajisifu kwamba tumemsitiri.

La pili: "Shamba litatoka kwa ukoo liende kwa watu wengine." Aki, nendeni Kikima, nendeni Tawa, mkahesabu plot ambazo zimeuzwa na wana wa kiume halali wa ukoo. Mmoja aliuza kununua pikipiki, mwingine kulipa deni la kamari ya simu. Aliyenunua si wa ukoo. Hakuna mzee aliyesimama kusema ardhi imetoka. Lakini dada akitaka nusu ekari apande maharagwe, ghafla kila mtu ni mlinzi wa mababu. Hester aliolewa nje na mali ikabaki na jina la kwao. Kinachoitoa ardhi kwa ukoo ni kuuza ovyo, na hilo halina jinsia.

La tatu, ndilo wanalolipenda: "Ni mila ya Wakamba." Hapa wacha tuheshimiane, tuongee mila kweli. Wakamba hatukuwa na wafalme. Hatukuwa na machifu wa kurithi; uchifu tuliletewa na serikali ya kikoloni. Mambo yaliamuliwa na wazee wa utui. Na wazee hao waliona mapema shida ileile iliyowamaliza akina Egerton: nyumba ikikosa mwana, ifanywe nini? Waingereza wakasema ife. Wakamba wakasema hapana, nyumba haifi. Mwanamke asiye na mwana aliruhusiwa kumwoa mwanamke mwingine, akamlipia mahari ya mbuzi na ng'ombe kama mwanamume yeyote. Huyo aliyeolewa anaitwa iweto, na watoto anaozaa ni wa nyumba ya yule mama aliyemlipia. Jina lake linabaki. Shamba lake linabaki.

Najua, shabaha ilikuwa kupata mwana wa kiume. Sijasema susu zetu walikuwa wanaharakati. Ninachosema ni kwamba mila yetu ilimweka mwanamke akasimama kama mwenye nyumba, akalipa mahari, na mali ikapitia mkononi mwake hadi kizazi kinachofuata. Mila iliyoweza kupinda kiasi hicho ili nyumba isife haiwezi leo kusingiziwa kwamba ni jiwe. Unaposema "mila hairuhusu dada apate", unatetea kanuni ya Tatton ukiivalisha shuka la Kikamba.

La nne: "Kwetu mwanamke hawezi kubeba jina la baba." Kweli? Mutula Kilonzo aliyekuwa mbunge wetu wa Mbooni, kisha seneta wa Makueni, alifariki Aprili 2013. Chama cha Wiper kilipotafuta wa kushika bendera, kilimteua kwanza binti yake, Kethi, wakili aliyekuwa ametoka tu kusimama Mahakama ya Juu kwenye kesi ya urais. Alizuiwa kugombea kwa sababu iliamuliwa kwamba hakuwa kwenye daftari la wapiga kura. Ndipo kaka yake, Mutula Junior, akaingia na kushinda Julai, na tangu 2022 ndiye gavana. Mimi kiti cha kuchaguliwa kurithiwa kama mbuzi sikipendi hata kidogo, iwe na binti au na mwana. Lakini hakuna mzee aliyepiga kelele kwamba binti hawezi kubeba jina. Na jirani zetu Kitui walitoa Nyiva Mwendwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili Kenya, 1995. Wakatoa Charity Ngilu, aliyegombea urais 1997 na kuwa gavana 2017. Ukambani inamwamini mwanamke na kaunti nzima. Inashindwa kumwamini na kipande cha mteremko?

La tano: "Hayo ya usawa ni ya Wazungu." Hili linanichekesha. Wazungu ndio hao nimekueleza, wamezika vyeo saba kuliko kumpa binti. Hata leo vyeo vingi vya kurithi Uingereza bado vinaenda kwa wanaume tu, na mwaka 1999 Bunge lao lilitoa wengi wa hao warithi kwenye nyumba ya malodi, likabakiza 92. Usawa wa urithi hapa kwetu uko kwenye sheria yetu wenyewe. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inasema mtoto, haisemi mwana. Wakati ule kuna wilaya ziliruhusiwa kuendelea na mila kwa mashamba na mifugo: Turkana, Samburu, Garissa, Narok na nyingine za wafugaji. Machakos, ambayo sisi wa Makueni tulikuwa ndani yake, haikuwemo. Kitui haikuwemo. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka 40, hicho tunachokiita mila chini ya mwembe hakina nguvu ya kisheria. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ikaamua kesi ya familia moja ya Bonde la Ufa, ikakataa ile hoja kwamba binti apewe kidogo kwa sababu huenda akaolewa. Kisha Katiba ya 2010 ikafunga mlango kabisa: Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na cha 60 kinataka mila zinazobagua kwa jinsia kwenye ardhi ziondolewe.

Sheria iko. Inayokosekana ni mtu mmoja wa kiume kwenye kikao anayesema "ngojeni kwanza, majina hayajatimia".

Kwa nini wa kiume? Kwa sababu dada akisema, anaitwa mchoyo, anaitwa mwenye kichwa kigumu, anaambiwa ametumwa na bwanake. Akienda mahakamani, Krismasi inayofuata hakuna mtu anamsalimia. Gharama yake ni familia nzima. Gharama yako wewe kaka ni kukasirikiwa na anko wawili kwa wiki moja. Haya mambo hayalingani, na wewe ndiye uliye na bei nafuu.

Kwa hivyo kazi yenyewe ndiyo hii, na haitaki digrii.

Kabla ya kesi ya mirathi kuanza, kuna ile barua ya chifu inayoorodhesha walioachwa na marehemu. Omba kuiona. Hesabu majina. Kama dada zako au shangazi zako hawamo, sema hapohapo, kabla haijapelekwa. Kesi ikishafunguliwa, tangazo huwekwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kuna siku 30 za kupinga. Jifunze kulitafuta jina la marehemu wako humo, liko mtandaoni. Kuna fomu ambayo wenye haki hutia sahihi kukubali. Usikubali shangazi atie sahihi karatasi asiyosomewa, hata kama aliyeileta amebeba soda na mkate. Na kama kila kitu kilishafanyika kisirisiri, Kifungu cha 76 cha ile Sheria ya Urithi kinaruhusu mahakama kufuta idhini iliyopatikana kwa kuficha ukweli. Waliotegemea kwamba hamtajua, wajue mmejua.

Halafu tuwe wa haki pande zote. Dada akipata sehemu, abebe pia sehemu ya mzigo: deni la hospitali, ada ya wakili, paa la nyumba ya susu. Wengi wao tayari wanaubeba mzigo huo bila hata sentimita moja ya udongo. Kwa hivyo sidhani hapo kuna wa kulalamika.

Kuna msee ataniambia Egerton walikuwa wanagombania majina, sisi tunagombania chakula, nisilinganishe. Nakubali, si sawa. Cheo cha Earl kikifa, hakuna mtu analala njaa. Gertrude hakukosa sufuria. Lakini shangazi yangu akikosa ule mteremko, anakosa mahindi, anakosa ada ya mtoto, anakosa mahali pa kuzikwa bila kuomba ruhusa. Wao walicheza na kanuni hiyo wakapoteza mapambo. Sisi tunaicheza na mihogo.

Ukienda Njoro, piga picha, kasri ni zuri. Ila mtu akianza kukusimulia jinsi mwanamke alivyommaliza Lord Egerton, mwambie kulikuwa na Gertrude.

Na hii posti mtumie kaka yako. Dada yako usimtumie, yeye anajua tayari.